Maharagwe ya Kikapuni

Soko la Ikonge,
Kisii.
14 Juni, 1949.

Mpendwa wifi Nyanchera,

Hujambo huko Jinja kwa kaka yako Abner? Kile kikohozi kimepoa? Sisi tunaendelea, ila Mama ni mgonjwa na mvua imeozesha mahindi.

Nakuandikia jambo nililolificha miaka mitatu.

Jumatano iliyopita mwalimu mgeni alikuja kanisani kutufundisha kupunguza kuni. Sufuria ichemke, kisha iwekwe ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu ya mgomba, ifunikwe hadi jioni. Wanawake walipiga makofi. Wifi, ni kikapu chako kile kile, ulichokibuni mwenyewe kwa kuchoka kubeba kuni kutoka bondeni. Wewe walikuita mchawi.

Siku ile Mama alipokula maharagwe ya kikapuni akatapika hadi kuzirai, walisema chakula kinachoiva bila moto kina mkono wa mtu. Kaka yangu Ratemo akakufukuza, mtoto akambakiza.

Ukweli ni kwamba ulipokwenda shambani uliniagiza maharagwe yachemke sana kwanza. Nilikuwa na haraka ya kwenda sokoni, nikayafunika yakiwa vuguvugu; hayo mabichi ndiyo yaliyomdhuru Mama. Vikapu vyako vilipokuwa vikichomwa moto uani uliniuliza, "Mong'ina, yalichemka?" Nikasema, "Yalichemka."

Basi Jumatano nilisimama nikasema yote mbele yao. Nyumbani nikamwambia Mama. Akanigeuzia mgongo, akasema, "Nimemlaani mtoto wa watu bure." Tangu hapo hapokei chakula mkononi mwangu. Ratemo, ambaye ameshaoa mwingine, alisikia, akachukua jembe akatoka.

Sikuombi urudi. Sijui ungerudia nini. Hata msamaha naona haya kuuomba.

Lakini kuna Kemuma wako. Sasa ana miaka minane, ameota meno ya mbele, na anatembea kwa mwendo wako. Amekua akiambiwa ulimtupa. Jana nilimketisha nikamweleza kila kitu. Akauliza, "Kwa hiyo mama alitaka kubaki na mimi?"

Nikamwambia, "Alitaka. Walimshika mikono ndipo akakuachilia."

Alilia hadi usingizi ukamchukua. Nilikaa kando yake, nikashindwa hata kumgusa.

Nisalimie Abner na mkewe Nyamusi. Mungu akulinde ugenini, akupe watu wakweli kuliko sisi.

Ni mimi wifi yako, niliyekukosea na bado nikupendaye,
Mong'ina