Fimbo ya Kumi na Tano

Jumatano, 5 Julai 1939. Tunduma

Marita ana watoto wawili nyumbani, wote wa kuzaa mwenyewe. Amesema hivyo leo asubuhi, msibani, ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Yeye na mumewe wametoka migodini Rodeshia kuja kuzika, kesho wanarudi. Nilimwuliza nyumbani ana nani, kama mtu anayepitisha muda tu. Kisha akaniuliza yeye: "Na Aida wa dada Ferista, mkubwa sasa?"

Aliniuliza mimi!

Niweke sawa. Julai iliyopita Mwalimu Lusubilo wa shule ya misheni aliteremka na watoto Ziwa Rukwa kuvua. Aida, miaka kumi na mmoja, hakurudi nao. Mwalimu alimwambia mama yake, Ferista, kwamba walikutana na ndugu yake Marita njiani, akamchukua mtoto aende naye Rodeshia kumsaidia kulea. Ferista ni mjane, jirani wa dada yangu. Aliamini. Mwalimu ndiye anayesoma Neno kanisani.

Sijamwambia Ferista. Neno la mtu mmoja bado si habari. Keshokutwa mwalimu anateremka tena, na safari hii Ruti wa dada yangu yumo. Nitakwenda.

Jumatatu, 10 Julai. Ziwani

Siku mbili kwa miguu, jana tumepumzika. Joto. Kambi iko karibu na mto Songwe unapoingia ziwani. Watoto kumi na wanne — niliwahesabu mlimani.

Wanavua samaki wa kukausha, chakula cha bweni. Wenyeji wanapanga migono, mitego yao ya kufumwa, mdomo kwa mdomo, watoto wanaingia maji ya magoti na kuyapiga kwa viganja, perege wanakimbilia ndani. Kelele tupu. Watoto wa ziwani wanawacheka wetu: "Watu wa kahawa! Mnakanyaga maji kama kuku!" Ruti akawajibu: "Na nyinyi mkipanda kwetu mtalia baridi!" Wakacheka wote.

Mwalimu ananikarimu mno. Samaki mnono kwangu, mkeka mzuri kwangu. Shuleni huita majina asubuhi na jioni. Hapa hajaita hata mara moja. Nikamwuliza. "Huku hawahesabu watu, Bwana Enoka. Ukihesabu watu mbele ya ziwa wanakufukuza."

Badala yake kila anayeingia majini anachomeka fimbo ukingoni. Akitoka anang'oa yake. Hakuna anayegusa ya mwenzake.

Jambo jingine. Alfajiri mwalimu aliondoka peke yake kuelekea kwenye matete. Alirudi amelowa hadi kiunoni. Hana samaki, hana mgono. Alikwenda kufanya nini?

Jumanne, 11 Julai

Amekwenda tena matete. Dakika arobaini kwa saa yangu.

Watoto walipoingia majini nikahesabu fimbo, kimya, mikono mfukoni. Kumi na tano. Nikarudia. Kumi na tano. Walioingia ni watoto wetu kumi na wanne tu; watoto wa ziwani na watu wazima wote tuko nchi kavu.

Adhuhuri wakatoka, kila mmoja na yake. Moja imebaki, juu kidogo ya nyingine. Ni ya mti ule tunaojengea ua kwetu, ukiuchomeka tu unaota. Imeota. Ina majani mapana ya kiganja. Watoto wa ziwani wanaizunguka wakikimbia, bila kuitazama, kama unavyozunguka mtu aliyekaa.

Nikamwuliza Tuntufye, mzee mwenye migono, fimbo hii ya nani.

"Ya yule msichana wenu wa mwaka jana."

Nani alimwona akizama?

"Hakuna. Hakuja kuchukua fimbo yake, basi. Anayeing'oa ni mama. Mbona hamjamleta? Mwalimu nimemwambia mara ngapi!"

Ruti analala karibu yangu kuanzia leo. Nimemwambia haingii tena majini. Amenuna.

Jumatano, 12 Julai

Nimemkabili mwalimu kando ya fimbo. Hakubisha. Aliketi chini.

"Sikuhesabu," akasema. "Nilikatazwa, nikatii. Tuko mlimani, siku ya pili, naita majina — Aida kimya. Nikakimbia kurudi. Siku tatu nilitafuta. Nikasema labda atatokea. Mama yake aliponiuliza, jina la Marita likanitoka. Nilitaka muda kidogo tu, Bwana Enoka."

Mwaka mzima.

Na matete? "Natafuta. Hata gauni."

Huenda. Gauni sijaliona, mwili sijauona. Mtu aliyedanganya mjane mwaka mzima anaweza kunidanganya mimi kwa siku moja. Nimemwambia uvuvi umekwisha, na kwamba hatoki hapa mpaka Ferista afike. Ameitikia upesi. Hata wepesi huo siupendi.

Nimemwandikia Ferista. Nilianza mara tatu. Siwezi kuandika amekufa, hakuna aliyeona. Nimeandika ninachokijua kwa macho yangu: "Fimbo ya Aida iko hapa ziwani. Wenyeji wanasema lazima uje mwenyewe uichukue. Njoo upesi." Kijana wa Tuntufye ameondoka na barua mchana.

Jumapili, 16 Julai

Kijana amerudi. Barua alisomewa Ferista na mzee wa kanisa, mbele ya majirani. Nikamwuliza alilia?

"Kulia? Alipiga vigelegele! Akasema, kumbe mwanangu amesharudi kutoka Rodeshia, yuko ziwani na wenzake, mvivu huyu, hata fimbo anataka abebewe na mama!"

Nimemfanya arudie. Akarudia vilevile.

Sikuandika neno hata moja la uongo. Nimeisoma nakala yangu mara nne. Kila neno ni kweli. Kwetu mlimani fimbo ni fimbo tu.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yetu, amesikia yote. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenzake.

Nilitaka kumrudisha kijana. Hakuna maana, Ferista tayari yuko njiani. Kijana anasema walipanga kuteremka leo asubuhi, yeye na dada yangu. Analeta gauni jipya, limeshonwa kubwa kidogo, maana mtoto atakuwa ameongezeka kimo.

Watafika Jumanne, kabla ya adhuhuri. Nitakwenda kuwapokea chini ya mlima, mbali na ziwa. Mwalimu ameomba tufuatane. Sijamjibu.