Uji wa Baba Kendi

Jumanne

Kinyaa kitupu. Na leo si kwa yale makohozi, ni kwa sababu yangu mwenyewe.

Wiki mbili nzima mume wangu akinywa uji anakohoa mpaka machozi yanamtoka, na uji unarudi kwenye beseni pamoja na makohozi. Ile harufu ya ucuru, uji wetu uliochacha, nusura nitapike. Akina mama wa kanisa wakaniambia, "Dawa ya saratani inataka tumbo lililojaa. Mlazimishe." Nikamlazimisha. Nilimshika kidevu. "Baba Kendi, acha kudeka, meza!"

Leo daktari ametuonyesha picha. Dawa ilifanya kazi, uvimbe umeyeyuka. Lakini ulikuwa umeshika ukuta wa njia ya hewa, na pale ulipotoka pamebaki tundu mpaka njia ya chakula. Alisema ni jambo la nadra sana.

"Mama, huo uji ulikuwa unaingia kwenye mapafu."

Tulipobaki wawili nikamwuliza mume wangu mbona hakukataa.

"Ulikuwa unaamka mapema kunipikia," akasema.