Mkojo wa Mzee Obwocha

Abigael, weka hiyo chai chini kwanza.

Nimetoka kwa Nyanya Tryphosa sasa hivi, mbavu zinaniuma kwa kucheka.

1974, Itumbe. Nyanya bado msichana, wakwe wamekuja kupanga mahari yake. Yeye yuko jikoni, sindano yake ya kisukari iko kando, anapima sukari kama kila siku: matone ya mkojo kwenye dawa ya buluu, anachemsha. Ikibaki buluu, uko sawa. Ikiwa nyekundu, sukari imezidi.

Mzee Obwocha, baba mkubwa wa bwana harusi, akamfuma. Anachemsha MKOJO. JIKONI.

Akarudi sebuleni akifoka: "Anapika mkojo! Na eti anajidunga sindano kila siku! Mgonjwa hatuchukui!"

Nyanya akatoka na kichupa chake. Buluu. "Mgonjwa ni mimi. Wewe mzima, lete wako tuone."

Na akaenda, Abigael! Akaenda nyuma ya nyumba na kikombe cha chai, kifua mbele!

Ukachemshwa wakwe wote wakitazama. Kijani. Manjano. Halafu nyekundu kama tofali.



Mahari ikakubaliwa chap chap. Wageni wakatoka, mzee akabaki nyuma akifunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

"Mwanangu," akanong'ona, "hiyo sindano unadunga wapi?"