Noa ya Mama na Kiti Kilichong'olewa

S.L.P. 88,
Kibondo, Kigoma.
28 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Firdausi,

Assalaam alaykum, na jibu lake ni juu yako, usije ukasahau salamu za kwenu kwa kuzoea kile Kiswahili cha kuvutavuta cha Tanga. Hujambo? Shemeji Isihaka hajambo? Watoto je, na kikohozi cha Shamsi kimekwisha? Mpe asali niliyokutumia kwa basi, ila mwambie mama mkwe wako ni dawa ya mtoto, si ya kupaka kwenye mkate.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mvua za kwanza zimeanza, watu wote wako shambani, na duka langu la vitenge limelala kama kawaida ya miezi ya jembe. Mama anakula vizuri, anaswali ameketi, na anagombeza wajukuu kuanzia alfajiri mpaka isha.

Najua unataka kusikia habari za gari. Kwenye simu nilikukatia mara mbili, si kwa sababu ya mtandao kama nilivyosema. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haitoshi kwenye simu.

Unajua tulilinunua la nini. Tangu Mama alipoanguka Ramadhani na kuvunjika nyonga, mguu wake wa kushoto haunyanyuki zaidi ya shubiri moja. Ile safari ya kwanza ya kliniki Kigoma tulikodi gari, na vijana watatu wa stendi wakambeba kumpandisha kama gunia la maharage. Kanga ikamdondoka mbele za watu. Tuliporudi aliapa kwamba mwanaume asiye wake hatamshika tena mpaka siku ya kuoshwa, na siku hiyo watamshika wanawake. Ndiyo maana tukachangishana, wewe, mimi na Nurudini, tupate gari la familia la bei nafuu ambalo Mama atapanda kwa heshima yake. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Ungedhani ni jambo dogo, linaeleweka hata na kuku.

Kaka yako Nurudini, kwa kuwa ndiye mwanaume pekee aliyetoka tumboni mwa Mama, akasema magari ni kazi yake. Akaenda Dar es Salaam kulichagua, na akamchukua Melkiadi kama mtaalamu. Melkiadi yule yule wa Kasulu! Hana hata baiskeli, ila aliwahi kukaa kiti cha utingo kwenye lori la maharage, basi akiongea utafikiri alizaliwa ndani ya injini. Wakakaa wiki tatu mjini wakizunguka yadi moja baada ya nyingine, wakipiga mateke matairi. Miadi ya Mama ya mwezi wa sita ikapita wakiwa bado wanapiga mateke.

Mwisho wakapata Noa, nyeupe, safi, kwa bei ambayo Nurudini aliita muujiza. Muujiza wenyewe ulikuwa kiti kimoja. Kiti cha katikati, upande wa mlango wa kuteleza, kilikuwa cha namna yake. Ukibonyeza kidude chenye waya, kinageuka kuelekea mlangoni, kinatoka nje, kinashuka taratibu mpaka karibu na ardhi. Mtu anaketi, unabonyeza tena, kinampandisha na kumrudisha ndani. Wajapani wamekitengeneza kwa ajili ya wazee na wagonjwa wao. Wanunuzi wa Dar hawakukitaka, eti kinakula nafasi ya abiria, ndiyo maana gari likawa rahisi.

Firdausi, Mungu alitupa gari lenye kiti kilichoshonwa kwa kipimo cha mama yetu. Nurudini akalifikisha Kasulu, akakiona ni nuksi. Akamwambia fundi aking'oe.

Halafu akaanza kupamba. Hapo usinione mchokozi, nataka tu ujue hela yako ilikwenda wapi. Siti kava nyekundu za manyoya, kwa mwanamke wa miaka sabini na mbili ambaye hata blanketi la sufu linamwasha. Skrini ya kuonyeshea sinema, moja mbele na mbili nyuma. Sabufa kubwa kama pipa la unga, imekaa pale ambapo ingekaa ile fremu ya chuma ya Mama ya kutembelea. Taa za buluu chini ya milango. Vioo vyeusi kabisa. Honi inayoimba kama harusi. Na kwenye kioo cha nyuma maandishi makubwa ya dhahabu: RADHI ZA MAMA.

Bado. Melkiadi akamshauri kwamba barabara zetu ni mbaya, gari linyanyuliwe. Barabara ipi? Siku hizi ni lami, bibi vizee wanaanikia mihogo kandokando yake! Lakini mtaalamu kasema. Wakaweka spesa juu ya springi zote nne, Noa ikasimama juu kama mbuzi aliyeona nyoka. Gari lilikaa kwa fundi kiasi kwamba na miadi ya mwezi wa nane ikapita. Nilipiga simu hospitali kuomba radhi, muuguzi akaniambia kistaarabu kwamba bibi akikosa na ya mwezi wa tisa jina linafutwa, aanze foleni upya.

Basi likaja. Jumamosi, saa nne asubuhi, honi inaimba kutoka mtaa wa tatu. Nurudini amevaa kanzu mpya na miwani ya jua, Melkiadi kakaa pembeni yake kama balozi. Tulichinja mbuzi, ustadhi akasoma dua, jirani yangu Immakulata akaja na wanakwaya wenzake kushangilia, maana furaha haina dini. Mama alikuwa amevaa lile gauni la Idi ulilomtumia. Alikuwa amejipaka wanja. Sijamwona Mama na wanja tangu Baba afariki.

Mlango ukafunguliwa, taa za buluu zikawaka mchana kweupe. Mama akasogea na fremu yake mpaka pale. Ubao wa kukanyagia ulikuwa unamfika karibu na goti. Akaangalia ubao, akaangalia mguu wake. Nurudini, badala ya kuona haya, akapiga makofi kuita, "Vijana wawili hapa, mnyanyueni Mama!"

Mama akageuza fremu. Ilimchukua muda mrefu kurudi mlangoni mwa nyumba, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Aliingia ndani, akavua gauni, akafuta wanja, akalala ameelekea ukutani.

Nilimtukana kaka yako, Firdausi. Nilimtukana mbele ya ustadhi, mbele ya kwaya, na mbele ya mbuzi aliyekuwa jikoni. Nilimwambia wanaume wa ukoo huu wamepewa macho ya kuangalia wanawake wengine tu. Nilimwambia kiti kile kilikuwa mguu wa Mama na yeye ameukata. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akatoa simu, akafungua kundi letu la familia, akanipa nisome.

Ilikuwa picha ya kile kiti kimening'inia nje ya mlango. Chini yake ameandika: "Hiki cha mgonjwa, nikitoe au nikiache?" Jibu la kwanza ni langu. Nimeandika: "Kitoe hicho, watu watasema tumenunua gari la wagonjwa." Na vikatuni vitatu vya kucheka. Nilikuwa napima kitenge cha mteja, nikaandika kwa mkono mmoja. Chini ya jibu langu lipo dole gumba lako.

Mama hayumo kwenye kundi. Ana kile kisimu chake cha tochi.

Sikulala vizuri, na sikujidai tena. Jumatatu nilifunga duka nikapanda basi kwenda Kasulu mwenyewe. Yule fundi, ana meno ya mbele manne na uongo arobaini, kwanza alisema kiti kilichomwa. Nilipokaa kwenye benchi lake na kumwambia sitoki mpaka magharibi, akakumbuka kwamba alimpa kinyozi mmoja Mkongomani, anaitwa Anaclet, anayenyolea kwenye soko la karibu na kambi ya Nyarugusu.

Nilikikuta kiti pale, chini ya turubai, kimefungwa kwenye betri ya sola. Mzee mmoja alikuwa amekalia, kidevu kimejaa povu, anapandishwa kidogo kidogo ili kinyozi asiiname. Kiti kimefutwa kinang'aa. Nilisubiri mzee amalize, nikajitambulisha, nikaeleza shida yangu. Nilijiandaa kwa ugomvi, maana kwa siku zile ulimi wangu ulikuwa umeshanolewa.

Anaclet akanitazama kwa mshangao. "Mama, mimi nilijuaka hii kiti ni ya bagonjwa," akasema. "Nilitumika kazi miaka tatu na balemavu kule kambini. Nilifikiri mugonjwa wenu alikufaka, njo maana muliitoa."

Mtu anayeishi kwenye nyumba ya turubai alikitazama kiti mara moja akajua kazi yake, na akatuonea huruma kwa msiba ambao hatukuwa nao. Sisi wenye maduka na vyeti tuliona aibu ya watu.

Hakutaka maneno mengi. Alisema kiti kirudi kwa mwenyewe, ila naye asibaki anawanyoa wazee wamesimama. Nikamwahidi kiti cha kawaida kile Nurudini alichoweka badala yake, pamoja na manyoya yake mekundu. Alicheka sana. Akanipa kile kidude chenye waya, alikuwa amekihifadhi kwenye soksi, na akanichorea kwenye kipande cha boksi waya upi unaingia wapi, kwa sababu yule fundi alizikata nyaya zote kwa kisu.

Nilimlazimisha Nurudini akae pale gereji siku mbili akiushika huo mchoro, fundi anaunga waya mmoja mmoja. Spesa zikatolewa. Sabufa ikatolewa, sasa ipo sebuleni kwake, mke wake ameweka juu yake televisheni. Melkiadi alipita kutoa ushauri, nikamwambia kama anataka kusaidia akatulie mbali. Maandishi ya dhahabu nilikwangua mwenyewe kwa kiwembe, na bado sijamaliza herufi tatu.

Siku ya safari hatukualika mtu. Nurudini alibonyeza, kiti kikatoka, kikashuka, kikamsubiri Mama. Akakigusa kwa mkono kwanza, mahali pa kukalia na mahali pa kuegemea. Kisha akaketi mwenyewe, akajifunga kanga vizuri magotini, akamnyang'anya Nurudini kile kidude. "Nionyeshe cha kupanda," akasema. Akapanda. Akashuka. Akapanda tena. Nikajifanya natafuta funguo kwenye mkoba ili asione uso wangu.

Tulifika Kigoma salama, Jumatano iliyopita. Daktari ni binti mdogo, mpole, anamwita Mama bibi. Wakampiga picha, akaitazama kwenye mwanga muda mrefu. Mfupa umeunga, akasema, lakini umeunga vibaya. Mguu wa kushoto umepungua kama upana wa vidole viwili. Angeonwa mwezi wa sita wangeweza kuurekebisha, sasa hautarudi, atashonewa kiatu chenye soli nene upande mmoja.

Akafungua faili, akamuuliza kwa upole mbona alikosa miadi mara mbili, au ni shida ya usafiri. Nurudini akafungua mdomo. Mimi nikatazama sakafu. Mama akatuwahi wote wawili.

"Usafiri ulikuwepo, mwanangu," akasema. "Walikuwa wanaupamba."

Daktari akadhani ni utani wa wazee, akacheka. Mama hakucheka.

Nakuomba unisalimie shemeji Isihaka, mama mkwe wako, na jirani yako yule Zaitun aliyenipa mbegu za mchicha, mwambie zimeota. Immakulata anakusalimu, na Nurudini pia anakusalimu, ingawa hajaniambia. Siku hizi haongei sana. Mama anasema Mungu akufungulie riziki ya halali na akutunzie watoto, na anasema usihangaike kumtumia gauni jingine. Mimi nakuombea uzima na usingizi mwema.

Ukija likizo ya Desemba utamkuta anachechemea. Usimuulize kwa nini. Atakujibu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nikiwa na ulimi huu,

Zena