Kabati Lililovaa Kiatu

Titye,
S.L.P. 23,
Kasulu.
8 Agosti, 1976.

Mpendwa shemeji Pasikali,

Salamu nyingi zikufikie huko Tabora, wewe na mama watoto na wote wa nyumbani. Kifua kinaendeleaje? Ile dawa ya mizizi niliyokutumia uliinywa, au uliificha kama ile ya kwanza? Sisi hatujambo. Rosa ni mzima, ananenepa kwa furaha ya kungoja harusi. Mimi ni miguu tu inayonisumbua asubuhi za baridi.

Maharage tumeshayapiga, yamejaa vihenge viwili. Mihogo inaendelea vizuri.

Barua yako ya mwezi wa sita niliipata. Uliandika kwamba ng'ombe ni wanne au hakuna harusi, na kwamba ile habari ya mmoja kufa kwa ndigana ni hila ya watu wa Kibondo, wanataka kupunguza mahari ya mtoto wa marehemu kaka yako. Sikukupinga. Nilishasema hivyo kabla yako, maana mama yake huyo mchumba Stanislaus ana ulimi mtamu mno, na mtu wa namna hiyo mimi humsikiliza kwa sikio moja. Tukawajibu wanne. Wakakubali upesi, na kule kukubali upesi nako sikukupenda.

Basi watakuja tarehe 4 Septemba kuleta mahari. Nikaitazama nyumba. Tangu tuhamie hapa kijijini tuna mabenchi mawili na meza inayocheza. Unakumbuka tulipokwenda kwao wakati wa Pasaka kumtazama kijana, lile kabati la vioo lililokuwa sebuleni, na wewe ulivyolisifu mbele ya watu mpaka nikaona aibu. Nikasema hawatatukuta kama watu wanaomtoa binti kwa njaa. Nikaenda Kasulu kwa Hilali, yule anayenunua vitu vya watumishi wanaohamishwa, nikapata kabati kuukuu kwa bei rahisi. Hilali kuuza rahisi ni jambo la kuogopa. Nikamwuliza limetoka wapi.

"La bwana shamba mmoja kahamishiwa Iringa, Mama Rosa. Wallahi."

Alipoapa tu nikajua anadanganya. Tena lilikuwa limepakwa rangi ya kahawia, mbichi, bado inanata, na mtu hapaki rangi haraka hivyo kama hana la kuficha. Lakini nilinunua, kwa sababu nilikuwa na haja.

Nikapatana na fundi Hamis kwamba kukwangua nikwangue mwenyewe ili gharama ipungue, yeye akaze viungo, atie gundi, akate na lile taji la juu lililochongwa kizamani kama la altare. Nilikaa kwenye karakana yake siku mbili na kipande cha chupa mkononi, nikikwangua huku namtazama asije akabadilisha mbao nzuri kwa mbovu. Siku ya pili nikafika kwenye bawaba ya chini, mlango wa kushoto. Haikuwa chuma. Ilikuwa ngozi ya kiatu, na matundu ya kamba bado yapo.

Shemeji, wewe ndiwe uliyeninong'oneza kule Kibondo kwamba kabati lao limevaa kiatu.

Nilikasirika, nikakitupa kile kipande cha chupa. Nikaona tumechezewa: Pasaka ile waliazima kabati la watu ili tudhani wana mali, na mwenyewe baadaye akaliuza. Kama kabati ni la kuazima, ng'ombe je? Na huyo kijana je? Rosa sikumwambia kitu. Nikachukua kapu la maharage, nikadandia lori mpaka Kibondo, nikasema nimekuja kusalimia.

Mama Stanislaus alinipokea vizuri, vizuri mno. Mahali pa kabati palikuwa wazi, na vikombe vimepangwa chini kwenye mkeka, vimefunikwa kwa kile kitambaa chake cha kudarizi. Ukuta wote umekula moshi, ila pale pamebaki peupe, urefu na upana wake. Kitu cha kuazima hakiachi alama ya namna ile. Nikauliza kwa upole, kabati liko wapi?

"Liko kwa fundi," akasema, "linatengenezwa."

Nikiwa bado nalipima jibu hilo, nikasikia sauti ya mtoto huko nje: "Kabati! We Kabati, toka kwenye mihogo!" Nikatoka. Mjukuu wake wa kike alikuwa akimfukuza mtamba mwekundu, mnene, hana hata kupe mmoja. Nikamwuliza mbona jina hilo.

"Bibi alitoa kabati, tukaletewa huyu. Ni wa Rosa."

Mama Stanislaus alikuwa amesimama mlangoni. Akatazama chini, nami nikatazama chini. Kisha tukazungumza habari za mvua.

Kumbe yule ng'ombe alikufa kweli. Mimi na wewe ndio tuliomfanya mama wa watu apange vikombe vyake chini. Niliona haya, shemeji, na bado naona. Hata habari ya fundi hakudanganya. Liko kwa fundi, ila fundi ni wangu.

Nilitaka kumrudishia. Lakini kumrudishia ni kumtangazia aibu yake mbele ya wanawe. Kwa hiyo nimemwambia Hamis aligeuze kabisa. Vioo vimetoka, pamewekwa kitenge. Limepata miguu mirefu, bawaba za chuma na rangi ya kijani. Rosa atakapopelekwa kwa mumewe, litakwenda naye pamoja na vyombo vyake, lisimame pale penye alama. Hapo mwenyewe akilitambua, liwe limeshafika nyumbani.

Hilali sitamsamehe, na ule ubao wa nyuma bado nadhani Hamis ameubadilisha. Lakini ninayemwogopa zaidi ni wewe. Nakujua ukishakaa kwenye mtungi wa pombe na kushika mrija, ulichokiona lazima ukiseme.

Msalimie mama watoto, na shangazi Kezia akiwa bado yuko kwenu. Mungu awafunike nyote, na akulete salama tarehe 3.

Siku ya mahari, shemeji, ukiingia sebuleni, sifu rangi tu.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, pamoja na mdomo wako,

Immakulata