Kichwa cha Kuhe pa Sahani Yako

Mudogo wangu Sifa,

Jana ilikuwa Saint-Valentin, na tulifanya fete hapa kwangu, muji wa Baraka, pamoja na batoto bako. Ninakuandikia kwa mukono wangu mwenyewe. Unajua nilitoka école kwa cinquième, mwaka wa tano tu, juu mwalimu aliishiwa na mambo ya kunifundisha, basi usicheke maandiko. Pa kuituma barua hii sijui. Chauffeur wa gari ya Lulimba aliikataa. "Muzee, nikifika nimupe nani?" Kwa hiyo ninaiacha wazi. Mwenye ataisoma na anakufahamu, akusomee.

Kwanza samaki. Nilimuvua mimi. Kuhe mukubwa, Sifa, haiko bile bidogo banauzaka hapa sokoni. Alinivuta na mutumbwi mupaka karibu na Ubwari, ng'ambo ya ziwa, nikaanza kuona mbuzi za kule zinakunywa maji. Nikamuambia, "We kuhe, leo ni siku ya mapendo, twende nyumbani." Akageuka yeye mwenyewe. Zamani ungemupigia kaka yako makofi, useme, "Yaya, ongeza!" Jana hakuna mwenye alisema niongeze. Riziki wako alikuwa anamutoa magamba, hakuinua hata macho.

Amekuwa mukubwa, Riziki. Anafunga kikwembe sawa wewe, na akikasirika anabana mudomo sawa wewe. Wilondja mudogo wake naye, meno ya mbele imeng'oka.

Nakumbuka ule mwaka wa kwanza, kisha kumuzika baba yabo kule Nundu. Bachumba balikuwa banapita barabarani na nguo nyekundu, na mimi nikasema tufunge mulango, siku hii haiko yetu tena. Wewe ukapasua kikwembe chako chekundu, ukamufunga kila mutoto kipande pa mukono. "Yaya," ukasema, "ule mwenye kunipenda amelala. Lakini hawa balitoka mu ile mapendo. Fete ni yabo." Ukapika ugali wetu wa bukari na samaki, ukaweka sheria yako: kila muntu atoe kipande chenye anapenda zaidi, akiweke kwa sahani ya mwingine, na aseme juu ya nini. Wilondja alikuwa hajajua kusema. Alikuwekea bukari yenye alikwisha kutafuna, na wewe ukaikula! Tulicheka mupaka majirani bakatuma muntu kuuliza kama kuna arusi.

Kisha ukaenda Lulimba kupikia bachimba zahabu. "Nitarudi mbele ya mvua kuanza," ulisema. Mwanzo sauti yako ilikuwa inafika kwa telefone. Kisha kukawa masasi kule, bantu bakakimbia kila upande, na telefone yako ikanyamaza. Nilienda kukutafuta. Unanijua: nikifika tu Kazimia kununua samaki, ninarudi na habari ya mamba mwenye alinisalimia kwa jina langu. Toka Lulimba nilirudi bila habari hata moja. Pa kupikia pako balinionyesha: mafiga, na majivu yenye ilinyeshewa. Batoto balikaa mbele yangu, bananitazama mudomo. Nikaomba maji ya kunywa.

Jana mambo iliharibika kwa sahani. Kwetu muntu wa safari anawekewaka chakula. Marehemu, hapana, ukimuwekea, unamuita. Riziki akatoa sahani yako nyekundu kwa kabati. Muke wangu akamushika mukono polepole.

"Riziki, mama, ile tuiache."

"Juu ya nini, tantine?"

"Mwaka jana tuliiweka. Na ule mwingine pia. Sahani ya safari haiko ya..." Akaishia pale.

"Ya nani? Maliza, tantine. Haiko ya nani?"

Macho yote ikanigeukia mimi, mukubwa wa nyumba. Sifa, mimi mwenye nilisema na kuhe akanisikia, nilikuwa ninapima maneno mbili tu. Nikisema weka, ninabafunga tena mwaka muzima wa kutazama barabara. Nikisema rudisha, nimekuzika mimi mwenyewe, bila kaburi, kwa siku yako.

Wilondja ndiye aliuliza. "Mama anapendaka kipande gani?"

Hakukumbuki, Sifa. Hata sura yako anaulizaka kwa Riziki.

Nikafungua mudomo. "Mama yako! Siku moja, yeye peke yake, alikula..."

"Mujomba," Riziki akanikata, "bila kuongeza."

Bila kuongeza. Nikatafuta. Nikakuona ungali mutoto, kwa mama yetu, sisi wawili kwa sahani moja. "Yaya, mi nipe mukia," ulikuwa unasema siku zote. "Mi napenda mukia." Na mimi ninachukua kichwa. Nikamujibu Wilondja: "Mukia. Alikuwa anasema anapenda mukia."

"Mukia ni mifupa tu," akasema ule mutoto. "Nani anaweza kupenda mukia?"

Nikatoa kichwa cha kuhe kwa sahani yangu, nikakiweka kwa yako. Sheria inataka muntu aseme juu ya nini, na batoto balikuwa banangoja. Nikasema, "Juu ni mudogo wangu." Ikaishia hapo. Riziki akafunika sahani na sahani ingine. Muke wangu akatoka inje kuosha masufuria yenye ilikuwa safi.

Leo asubui chakula chako kingali pa meza. Unajua, mwenyewe asipofika, kesho yake benye nyumba banakikula. Riziki akanisogezea kichwa. "Kula, mujomba. Tunajua vile unakipendaka." Nikasema nimeshiba. Kati ya uongo yote yenye nimesema mu maisha yangu, ile ndiyo ndogo kupita zote, na hakuna mwenye aliisadiki.

Kama uko pahali, rudi, Sifa. Hata bila kitu mukononi. Ukae pa meza, uniambie mbele ya batoto kama ulipendaka mukia kweli. Na kama hauko, lala bila wasiwasi, jana balikula, na kila mumoja alikuwa na kipande chekundu pa mukono.

Kichwa sijakigusa.

Ni mimi, yaya wako, mwenye kuvutwa na kuhe mupaka Ubwari.