Alama Yako ya Mzinga kwa Mkono wa Kushoto

Mpanda, 1979

Baba,

Nimepata kazi! Kazi ya serikali, Baba, ofisi ya nyuki, hapa hapa Mpanda! Ningekuwa na mikono miwili ningepiga makofi. Vumilia mwandiko, huu ni wa kushoto. Mkono wa kulia ulibaki vitani Uganda, kule kule habari ya msiba wako iliponikuta. Sikukuzika, na hilo linaniuma mpaka leo.

Tangazo lilibandikwa bomani: anatakiwa mpimaji wa asali, na waliojeruhiwa vitani wafikiriwe kwanza. Mama akanisukuma: "Nenda! Umepigwa mabomu, utaogopa meza?" Nikaenda. Karani mmoja akanong'ona, makusudi nimsikie, eti siku hizi kazi zinagawiwa kwa huruma. Nusura nigeuke nirudi.

Kumbe Bwana Nyuki, mkuu wa ofisi, naye kamsikia. Akaniletea madebe matatu ya asali. "Onja, utuambie." Weee! La kwanza, moshi umezidi. La pili, imerinwa changa, itachacha. La tatu nikafumba macho kama ulivyonifundisha kule Ugalla, nikacheka peke yangu: asali ya maua ya miti ya miyombo, imeiva vizuri, ila kuna mtu kaitia maji. Bwana Nyuki akapiga meza. "Huyu hata pasingekuwa na tangazo ningemchukua!" Karani akainamia makaratasi yake.

Ikabaki sahihi. Karani akanisogezea wino niweke dole gumba. Mimi, niliyesoma mpaka darasa la saba! Lakini jina langu kwa kushoto bado linapinda, hata barua hii nimeiandika siku tatu. Basi nikashika kalamu, nikachora alama uliyokuwa ukiichonga kwenye mizinga yako, mistari miwili na duara katikati. Unakumbuka ulivyoninyang'anya kisu nikiwa mdogo? "Alama ya ukoo haichorwi kwa kushoto!" Nililia mpaka jioni.

Nisamehe, Baba. Nimeichora kwa huo huo wa kushoto, na imenyooka kuliko yako.

Pumzika sasa. Kupanda mti siwezi tena, lakini naahidi hakuna mzinga wetu utakaopanda juu bila alama, na nitaichonga mimi. Kama una neno juu ya mkono, utanigombeza tukionana. Leo acha niwahi kazini.

Mwanao,
Maganga